Ukoga si Mwani, na Wala Haukuvamia

Kijitabu kilinifikia kwa mkono wa mpwa wangu wa kidato cha tatu. Kina picha ya mto wa New Zealand: maji maangavu, na chini yake mawe yamevikwa kitu mfano wa sufi iliyolowana, rangi ya kahawia iliyopauka. Chini ya picha, kwa herufi nzito, wameandika "mwani vamizi wa mtoni". Nikakifunga. Nikakifungua tena nikidhani macho yamenidanganya.

Bahati mbaya nilikuwa Paje, barazani kwa shangazi yangu, ambaye mikono yake imechanika kwa kufunga mwani kwenye kamba. Akamwomba mtoto amsomee, akasikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia: "Mwani wetu huu, baba? Umemvamia nani?"

Kamati iliyopitisha istilahi hiyo, ambayo sitaitaja kwa kuwa wajumbe wake wanajifahamu, ilipaswa kwanza kukaa barazani pale. Kwa Mswahili wa pwani mwani ni wa chumvi. Una vigingi, una kamba, unaanikwa, unapimwa kwa kilo. Na kama ugeni ndio kosa, basi mwani wanaolima akina shangazi ndio wa kushtakiwa, maana mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino na kilimo chake cha biashara Zanzibar kikaanza mwaka 1989. Huo haujaitwa mvamizi, umepewa mashamba. Halafu, hata tukiukubali mwani uende mtoni, si ni "mwani mvamizi"? Mwani huu, mwani mrefu, mwani mvamizi. Upatanisho wa darasa la nne umewashinda watu wenye digrii tatu tatu.

Yuko na mwingine, mfasiri wa filamu, aliyependelea "makamasi ya mwamba", eti kwa kuwa wavuvi wa Kizungu huuita hivyo kwa utani. Utani wa watu hautafsiriki kwa kamusi. Tena makamasi huteleza, ilhali kitu hiki ukikishika hakitelezi hata kidogo. Ni kama kushika sufu iliyolowa. Angeuliza, angeambiwa.

Neno tunalo, na halikuhitaji kikao wala posho. Ni ukoga, na wengine husema koga. Mtungi usiosuguliwa huota ukoga. Mkate uliosahauliwa kabatini huota ukoga. Meno yasiyopigwa mswaki hufanya ukoga, na hapa ndipo neno linapotimia, kwa sababu ukoga wa meno si uchafu uliodondoka tu juu ya jino: ni viumbe hai vidogo mno vilivyojishikiza na kujijengea utando. Jiwe la mtoni ni jino la mto. Bibi yangu, aliyetufundisha kusugua mtungi kwa mchanga na kumbi la nazi, alilijua jambo hili bila darubini: alisema ukoga "unashika", hakusema "unakaa".

Sasa sifa yake. Kuvamia ni kurukia kwa ghafla na kwa nia. Simba huvamia zizi, majambazi huvamia duka. Ukoga wa New Zealand, ambao wataalamu huuita didimo, ulionekana mwaka 2004 katika mto Waiau, kusini kabisa mwa Kisiwa cha Kusini, na mtuhumiwa mkubwa wa kuusambaza ni binadamu mwenye zana zake za uvuvi, hasa buti zenye soli za sufu iliyoshindiliwa, ambazo nchi ile ilizipiga marufuku mwaka 2008. Aliyebebwa kwenye soli ya buti tumwite mvamizi? Na huko Amerika Kaskazini hata ugeni wake umetiwa shaka: watafiti Brad Taylor na Max Bothwell waliandika mwaka 2014 kwamba kule ni mwenyeji wa siku nyingi. Kilichobadilika ni mto wenyewe. Didimo ni diatomu, chembe moja yenye ganda la silika, na hujishikiza jiweni kwa kikonyo. Fosforasi ikipungua mno majini, chini ya sehemu 2 katika bilioni, chembe hushindwa kugawanyika upesi, lakini jua linaendelea kuitengenezea sukari; sukari hiyo iliyokosa kazi huishia kwenye vikonyo. Unachokiona jiweni, basi, sehemu kubwa ni vikonyo vitupu. Ndiyo maana ukoga huu hupenda mito safi, kinyume cha Ziwa Victoria, ambako maji hugeuka kijani kwa kuzidiwa na rutuba. Ukishafunika mawe, wadudu wa chini ya mto hubadilika, na samaki hubadilishiwa chakula.

Kitendo hicho cha kufunika mawe Kiswahili hukiita kutandaa. Na kama vile nyamaa hutupa nyamavu na angaa ikatupa angavu, tandaa hutupa tandavu. Kwa hiyo: ukoga mtandavu. Una utando ndani yake, una mawingu yaliyotanda, na haumsingizii mtu nia. Neno hili nililiwasilisha kwa maandishi, kurasa sita, miaka miwili iliyopita. Nilijibiwa kwa mstari mmoja. Mjumbe mmoja alinijia faraghani wakati wa chai akasema kwamba kwa kanuni hiyo hiyo pumbaa hutupa pumbavu, kisha akanitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kanuni ni sahihi. Nilimwambia hivyo, na nikamwachia andazi langu.

Jina la kitaalamu nalo lina mchezo wake. Mdenmark Hans Christian Lyngbye alipokieleza kiumbe hiki mwaka 1819 alikiita geminata, yaani pacha kwa Kilatini. Baadaye kikapewa jenasi Didymosphenia, ambayo nusu yake ya kwanza ni pacha tena, safari hii kwa Kigiriki. Pacha mara mbili, na hakuna kamati iliyolalamika. Ndiyo sababu ninapotaka kutenga spishi hii na koga nyingine tandavu ninaandika "ukoga-pacha". Kurasa sita zile zilikuwa na hilo pia.

Kwa matumizi: mvuvi akitoka mtoni hukagua zana, huziosha kwa maji yenye sabuni ya vyombo asilimia 5 kwa dakika moja, kisha huzikausha kabisa na kuziacha saa 48 zaidi. Kagua, osha, kausha. Kijitabu kimeandika "dekontaminisha".

Toleo la pili, nasikia, liko mtamboni. Nakala ya mpwa wangu nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa, na mwalimu wake amemkata alama mbili.