Kumtafuta Babu wa Babu Yetu

Mtu akiulizwa jina la babu yake hujibu mara moja. Akiulizwa jina la babu wa babu yake, mara nyingi hunyamaza. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi watu wa Ruaruke, na wa nchi yote ya Rufiji, wawezavyo kumtafuta mzee wao aliyeishi kabla ya mwaka 1900, na kwa nini kazi hii haifai kuahirishwa.

Jambo la kwanza ni kuhesabu miaka. Wazee wetu wengi hawakuandika tarehe za kuzaliwa. Walihesabu kwa mambo makubwa yaliyotokea. Tufani iliyoangusha minazi na mikarafuu ya Unguja ilikuwa Aprili 1872. Vita vya Bushiri vilianza 1888. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vimeanza. Manowari ya Wadachi, Königsberg, iliangamia katika delta yetu tarehe 11 Julai 1915. Basi ikiwa masimulizi ya ukoo yasema, "Bibi alikuwa mwari wakati wa Maji Maji," twajua kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1890. Na mama yake, akiwa alimzaa katika ujana wake, alikuwa mtoto mchanga siku za tufani ile. Hivyo kwa neno moja tumerudi nyuma vizazi viwili.

Jambo la pili ni mahali. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali ilianza mwaka 1969 kuwahamisha watu wa bonde la Rufiji na kuwapeleka katika vijiji vya juu. Kwa hiyo kaburi la mzee huenda lisiwe karibu na nyumba ya wajukuu wake. Tuulize jina la shamba la zamani, na nani alikuwa jirani. Mwembe mkubwa uliosimama peke yake porini mara nyingi huonyesha kwamba hapo palikuwa na mji.

Jambo la tatu ni zito, na hapo ndipo wengi hukwama: mzee huyo alitoka wapi? Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Wafanya biashara wakageukia njia ya nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakivuka nchi ya Rufiji. Mwishoni mwa mwaka huo Mwingereza mmoja, Kapteni Elton, alitembea kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu watumwa 4,096 wakipitishwa katika njia hiyo. Aliandika hesabu, lakini majina yao hakuyaandika. Mwaka 1876 Sayyid Barghash alikataza misafara hiyo pia, ila utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1922.

Si wote waliofika mwisho wa njia ile. Wako waliobaki pwani hii, wakalima, wakaoa, wakazaa. Majina kama Feruzi, Almasi na Mabruki yalipewa watumwa mara nyingi. Jina peke yake si ushahidi, maana waungwana nao waliweza kulitumia. Lakini likiwa halina jina la baba wala kabila, tuna sababu ya kuuliza zaidi. Wazee wengine hulificha jambo hili kwa kuona haya. Sisi twasema, mwenye kuona haya ni yule aliyeuza, si yule aliyeuzwa. Mtu aliyenyang'anywa kwao akafika ugenini, akalea watoto mpaka tukazaliwa sisi, hastahili kusahauliwa na watoto hao hao.

Jambo la nne ni picha. Katika karne ya kumi na tisa Unguja ilikuwa na wapiga picha, miongoni mwao Gomes na Coutinho, watu wa asili ya Goa. Picha za siku hizo zilibandikwa juu ya karatasi ngumu, na mara nyingi jina la mpiga picha lilichapwa hapo hapo. Ndiyo sababu tusiikate kingo zake. Nguo nazo husema. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa na maskini. Kanzu na kilemba vilikuwa alama ya heshima.

Lakini mara nyingi chini ya picha liko jina la Mzungu tu, na watu wetu wameitwa "wapagazi". Tazama tofauti ya Chuma na Susi, waliokuwa miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Walipigwa picha Uingereza mwaka 1874 na majina yao yakaandikwa. Tena zilifanyizwa nishani 60 kwa watu wa msafara ule. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston, na Johnston alipokufa Behobeho, katika nchi hii ya Rufiji, Chuma akaendelea na Thomson mpaka maziwa makuu. Hayo twayajua kwa sababu mtu fulani aliandika jina lake.

Mwisho ni maandishi. Tuangalie sanduku la nyumbani: hati ya mirathi, barua ya herufi za Kiarabu, au hati ya uhuru ya wakati wa Wadachi. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina majalada ya Serikali ya Kidachi. Masimulizi, picha na hati tuviweke pamoja. Visipopatana, tuandike yote, kila neno na msemaji wake, wala tusichague lile litupendezalo.

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu ya risasi jioni hii, mwende kwa mzee aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo. Mwulizeni majina, myaandike polepole nyuma ya kila picha, pamoja na tarehe na jina la aliyewaambia. Picha yaweza kungoja miaka mia, mzee hawezi.