Zawadi Isiyopigiwa Makofi

Nilipokwama karo mwaka wa pili chuoni, kanisa moja lilinifanyia harambee. Niliitwa mbele, nikashikishwa bango la hundi, nikapigwa picha, watu wakapiga makofi. Hela zenyewe zilinisukuma muhula mmoja, kisha nikaacha masomo. Tangu hapo, kila ninapokutana na waliochanga, swali ni moja tu: "Na masomo je?" Nawashukuru kwa moyo, kweli. Lakini kuna siku huwa navuka barabara ili tusikutane.

Basi nilipopanda matatu kwenda Rabai, kupitia Mazeras, nilikuwa na neno moyoni. Mtu anampaje mwenzake bila kumfanya mdogo?

Rabai ndiko Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society la Uingereza, alikofika mwaka 1846 pamoja na mwenzake Ludwig Krapf. Wote wawili walikuwa wanaugua homa. Shuleni tulifunzwa habari moja tu ya Rebmann: Mei 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro, na mabingwa fulani wa Ulaya wakambishia. Kumbe kuna mengine.

Mwaka 1849 alirudi Machame na mizigo ya vitambaa na shanga, akikusudia kupita hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga, aliyekuwa amempokea vizuri safari iliyotangulia, safari hii alizichukua mali zile kidogo kidogo, na Unyamwezi ikaishia hapo. Vitabu vingi humlilia Rebmann. Mimi nawaza pia upande wa mwenye nchi. Siku hizo hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ambayo msafara ulimpa mtawala ili upite kwake. Mgeni akija na mzigo mnono na kusema anapita tu, ataeleweka vipi? Alichokiona Rebmann kuwa ni unyang'anyi, huenda Mangi alikiona kuwa haki yake. Zawadi yenye bei ndani yake huleta ugomvi hata kama imefungwa vizuri.

Baada ya hapo Rebmann alikaa. Hakuwa na waumini wengi wa kujivunia. Alichofanya ni kuketi na watu na kuuliza: hiki mnakiitaje? Mmoja wao alikuwa Salimini, aliyetekwa huko upande wa Nyasa na kuletwa Mombasa utumwani. Salimini alimpa lugha ya kwao, neno baada ya neno. Kamusi ya Kiniassa iliyotokana na vikao hivyo ilichapishwa mwaka 1877, baada ya Krapf kuihariri.

Hebu tulia hapo kidogo. Mmisionari aliyevuka bahari kuja kutoa, sasa ndiye anayepokea. Na anayempa ni mtu aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa maneno yake. Sitaki kuipaka sukari: Salimini alikuwa mtumwa, na jina lililoandikwa mbele ya kamusi ni la Rebmann. Hilo linaniuma. Lakini naamini kwamba saa alizoketi kama mwanafunzi, kalamu mkononi, zilikuwa zawadi bora kuliko vitambaa vyote vya Machame.

Aliondoka Rabai mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe Emma alikuwa amefariki mwaka 1866, na macho yake yeye yalikuwa karibu yamezima. Mwana wa Rabai, Isaac Nyondo, ndiye aliyemsindikiza hadi Ulaya. Aliyekuja kuwaongoza watu akaongozwa nao. Mwaka uliofuata akafa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ningeongeza kwamba kupokea nako kunataka moyo, na mtoaji asiyejua kupokea bado hajamaliza kazi.

Wiki ile ya harambee, mama mmoja muuza samaki hakutoa kitu kanisani. Alikuja nyumbani jioni, akaniomba nimsaidie kujaza fomu ya basari ya mwanawe. Tulikaa kama saa nzima. Alipoondoka aliacha samaki wawili juu ya meza, hakusema neno.

Huyo nikimwona sokoni, mimi ndiye huwa wa kwanza kumwamkia.