Bamvua: neno la wavuvi wetu kwenye kingo za Deptford

Kusini-mashariki mwa London, mto mdogo wa Ravensbourne humwaga maji yake katika Mto Thames mahali paitwapo Deptford Creek. Msikilizaji akipita hapo maji yakiwa yamekupwa, ataona matope, mawe na mbao za magati ya kale. Akirejea baada ya saa sita hivi, atakuta mashua zinaelea palipokuwa pakavu. Bahari iko mbali, lakini siku za maji makubwa tofauti baina ya kujaa na kupwa hapo hupita mita 6. Unguja, iliyozungukwa na bahari, ni takriban mita 4.

Mvuvi wa Unguja, Mafia au Lamu hahitaji kufundishwa jina la siku hizo: ni bamvua. Siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana, hayo ni maji mafu. Waingereza nao wana neno lao la bamvua, lakini ni rahisi kumpotosha mfasiri, kwa kuwa limefanana na jina la msimu wa machipuko. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuruka au kububujika, na msimu haumo. Bamvua huja kila baada ya wiki mbili, masika na kiangazi. Kwa maoni yangu neno la mvuvi latosha kabisa, hata katika vitabu vya sayansi.

Sababu yake ilielezwa na Isaac Newton mwaka 1687. Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaribia kukaa katika mstari mmoja, na mivuto hiyo miwili husaidiana. Mwezi ukiwa nusu, hupingana, na maji hufa. Hata hivyo bahari haitii papo hapo. London, kama ilivyo pwani ya Afrika Mashariki, bamvua kuu huchelewa siku moja au mbili.

Hesabu hizo zilikuwa na thamani ya fedha. Deptford ilikuwa na karakana ya meli za kifalme tangu mwaka 1513 hadi 1869, na katika Greenwich, jirani yake, mnajimu John Flamsteed alitayarisha jedwali la nyakati za maji kujaa kwenye daraja la London kwa mwaka 1683. Ng'ambo ya mto, huko Millwall, mhandisi Isambard Kingdom Brunel aliunda Great Eastern, meli ya chuma yenye urefu wa mita 211, kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Tarehe 3 Novemba 1857, siku za bamvua, walijaribu kuishusha majini ubavu-ubavu, ikasogea kidogo tu na kukwama. Ilisukumwa kwa mitambo majuma mengi, hadi ikafika ukingoni. Tarehe 31 Januari 1858, siku mbili hivi baada ya mwezi mpevu, bamvua iliibeba.

Bamvua pekee haigharikishi mji. Lakini tarehe 29 Januari 1953 mwezi mpevu ulipatwa, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari dhoruba iliyosukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea kusini ilikutana na bamvua. Watu 307 walifariki dunia nchini England, na zaidi ya 1,800 nchini Uholanzi. London yenyewe iliponea chupuchupu. Kutokana na msiba huo lilijengwa lango kubwa la kuzuia maji huko Woolwich, chini ya Deptford, likazinduliwa rasmi mwaka 1984. Wanaoamua siku ya kulifunga hutazama utabiri wa dhoruba, wingi wa maji yanayoteremka mtoni, na jedwali la bamvua.