Falsafa ya Sheria: Maana ya Istilahi na Mahali Pake

Istilahi chache za sheria zimewataabisha wafasiri wetu kama ile waliyoiunda Warumi kwa Kilatini, jurisprudentia, yaani busara ya mambo ya sheria. Kwani neno hilo lilipotoka Roma halikufika kila mahali na maana moja. Kwa Waingereza muradi wake mkubwa ni elimu inayouliza sheria ni kitu gani, nguvu yake yatoka wapi, na kwa nini impase mtu kuitii. Ilhali kwa Wafaransa, na kwa Wabelgiji waliopeleka kanuni zao Kongo, ni jumla ya hukumu zilizokwisha kutolewa na mahakama, hata wakili wa Bukavu anapolitaja hana haja na falsafa yoyote, ataka tu kuonyeshwa mahakama zimezoea kuamua vipi. Kulichukua neno lenyewe na kulitia irabu mwishoni, likawa jurisprudensia, ni kuupokea utata huo pamoja nalo bila ya dharura. Kiswahili kina falsafa ya sheria kwa maana ya kwanza, na kwa ile ya pili mkondo wa hukumu watosha. Mwandishi anayeyachanganya mawili haya hana udhuru.

Mtu wa pwani aliyesoma chuoni aweza kuuliza, na swali lake ni la haki, kwa nini tusitumie fiqhi, neno ambalo asili yake ni kufahamu, na ambalo makadhi wa Zanzibar wamelitumia kwa vizazi wakiwa na Minhaj ya Imam Nawawi mikononi. Jawabu ni kwamba faqihi huanza kazi yake pale ambapo mwanafalsafa wa sheria bado anahangaika: kwake chimbuko limekwisha kubainishwa, Kurani na Sunna, kisha ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, na kiyasi, yaani mlinganisho, kama Imam Shafi alivyozipanga, na lililobaki ni kuifahamu hukumu itokayo humo. Kwa mwanafalsafa wa sheria chimbuko ndilo shauri lenyewe. John Austin alidai mwaka 1832 kwamba sheria ni amri ya mtawala iliyofungamana na adhabu, H. L. A. Hart akajibu mwaka 1961 kwamba mnyang'anyi mwenye bunduki naye hutoa amri na kutisha kwa adhabu, wala hakuna aiitaye amri yake sheria. Naona Hart alishinda hoja hiyo. Walakini wote wawili waliandika Uingereza, ambako si taabu kumjua atungaye sheria ni nani.

Hapa Nangara taabu hiyo ipo. Katika kata hii ya mji wa Babati, mji unaopanuka chini ya mlima Kwaraa, mashamba ya mahindi na mbaazi yanageuka viwanja, na ugomvi wa mpaka aghalabu huwa wa namna hii: mmoja anaonyesha safu ya minyaa iliyopandwa na babu yake, mwenziwe anaonyesha bikoni ya saruji yenye namba iliyomo katika ramani ya mpima. Mbele ya Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha wala si kuhukumu, mzee wa upande wa minyaa hukosi kumsikia akisema, "Wanangu, sheria mnayo ninyi, lakini haki ya shamba hili ninayo mimi." Hakuna amchekaye, maana kila aliyeketi pale ajua kwamba ana hoja, na hoja yake ndiyo ile inayowakosesha usingizi wanazuoni: je, haki yaweza kuwako kabla ya sheria kuitambua?

Mahakama zetu zimelijibu swali hilo kwa watu wa pande hizi hizi, na majawabu hayakufanana. La kwanza lilihusu Mulbadaw, katika Hanang, wilaya ambayo Babati ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1985, ambako shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilitwaa ardhi ya Wabarbaig kwa ajili ya mashamba ya ngano yaliyosaidiwa na Kanada. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji haki. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985, kwa hoja kwamba baraza la kijiji halikuthibitisha kugawiwa ardhi na mamlaka ipasayo, na kwamba waliodai haki ya kimila iliwapasa wathibitishe kuwa ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya wakati ule, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Wabarbaig huwazika wazee wao mashuhuri chini ya vilima vya udongo vinavyojengwa kwa miezi, na makaburi ya namna hiyo yalikuwamo katika ardhi iliyolimwa. Ila falsafa iliyokaa nyuma ya hukumu ile ilitaka mgao wa mamlaka na ushahidi wa mtu mmoja mmoja, na ukazi wa jamii nzima haukupata mizani ya kupimiwa.

La pili lilitoka kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, wakati huo katika wilaya ya Mbulu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wamedai mahakamani shamba lao la kimila lililochukuliwa zama za vijiji vya ujamaa, wakashinda, wakarudishiwa. Kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vya namna hiyo, na kuyafunga masikio ya mahakama yasisikilize madai ya haki hizo. Katika Rufaa Namba 31 ya mwaka 1994, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wa Mahakama ya Rufani walikataa fikra, iliyorithiwa tangu ukoloni, kwamba anayekalia ardhi kwa mila hana mali bali ana ruhusa tu ya kukaa, kwa kuwa lau ingekuwa hivyo wakazi walio wengi wa Tanzania Bara wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Haki ya kimila, walisema, ni mali iliyolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, wala haifutwi pasipo fidia ya haki.

Ziweke hukumu hizi mbili bega kwa bega, na istilahi zetu zitajitenga zenyewe. Kwamba mahakama ile ile iliamua mwaka 1985 kwa kuuliza kwanza nani kathibitisha nini, na miaka tisa baadaye kwa kuuliza kwanza mali ni nini, hiyo ni habari ya mkondo wa hukumu, na mwanafunzi hodari aweza kuihifadhi kwa jioni moja. Kwa nini swali lilibadilika, na kama Katiba ndiyo iliyoizaa haki ya Akonaay au iliikuta ipo ikaishuhudia, hiyo ni falsafa ya sheria, na wanaobishana juu yake hawajamaliza. Mimi nashikilia kwamba iliikuta. Mtu hawezi kulipwa fidia kwa kitu ambacho hakuwa nacho, na majaji walipodai fidia walikiri, hata kama hawakukusudia kukiri, kwamba mila ilikuwa imekwisha kukizaa kitu hicho kabla ya karatasi yoyote.

Tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, mwaka ule ule ambao Jaji Zephrine Galeba alisifiwa hadharani na Rais Magufuli kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili huko Musoma, uangalifu huu si anasa ya watu wa kamusi. Wakili atakayesimama katika Mahakama Kuu hapa Babati, akitaka kuionyesha Akonaay kama uamuzi wa kufuatwa, aseme mkondo wa hukumu. Na akitaka kuihoji Mulbadaw tangu msingi, yaani aulize kwa nini mila ingoje ruhusa ya sheria iliyoandikwa ndipo nayo iwe sheria, hapo ndipo aseme falsafa ya sheria, na ajiweke tayari kwa maswali ya jaji.