Namba Nne Juu ya Singida

Kwa miaka mingi, mchunga ng'ombe wa Mkalama, mkoani Singida, aliweza kuiona kwa macho yake ndege ambayo mwongoza ndege wa Dar es Salaam hakuwa nayo kwenye kioo cha rada. Kutoka Singida mjini hadi uwanja wa Dar ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na rada iliyokuwapo, ile ya pauni milioni 28 iliyotuachia "chenji ya rada", fedha zilizorudishwa zikanunua vitabu na madawati, ilifunika robo tu ya anga la nchi. Rubani alitaja kwa redio alipo, kimo chake na saa ya kufika kituo kinachofuata. Mwongozaji akaandika kwenye kipande cha karatasi, akazitenganisha ndege kwa hesabu ya dakika.

Transponda, kifaa cha kuijibu rada, ilikuwamo ndegeni, ila huko juu hapakuwa na rada ya kuiuliza. Kifaa hiki ni mtoto wa vita: mwaka 1940 Waingereza walihitaji kujua ipi kwenye rada ni ndege yao na ipi ya Wajerumani. Rada huuliza, transponda hujibu kwa namba aliyopangiwa rubani. Zamani zilikuwa tarakimu mbili, namba 64 kwa jumla. Leo ni nne, kila moja kati ya 0 na 7, kwa hiyo zipo 4,096.

Kuibadilisha namba hiyo kunataka utulivu. Ukitoka 1700 kwenda 7100 ukaanza na tarakimu ya kwanza, utapita 7700, namba ya dharura, na kengele zitalia chini. Rubani makini huanza na ya pili: 1100, kisha 7100. Hukwepa vilevile 7600, ya redio iliyokufa, na 7500, ya utekaji.

Hiyo ya mwisho si hadithi ya mbali kwetu. Februari 26, 1982, Boeing 737 ya Air Tanzania ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, njia inayopita jirani na kaskazini mwa Singida. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilipitia Nairobi, Jeddah na Athens, wakajisalimisha Stansted, Uingereza, siku mbili baadaye. Namba 7500 humwezesha rubani aliyeelekezewa bastola kuomba msaada bila kufungua mdomo, mradi iwepo rada ya kuisikia.

Agosti 2017 serikali ilisaini mkataba wa Sh bilioni 67.3 na Thales ya Ufaransa wa rada nne: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Za Dar na Kilimanjaro zilizinduliwa 2019. Kilimanjaro na Mwanza kila moja iko kilomita 300 na kitu kutoka Singida, hivyo ndege kubwa iliyo futi 35,000 inaonekana. Kindege kinachoruka chini bado kinafichwa na milima na mviringo wa dunia. Kwa kindege hicho transponda ina kazi nyingine, ambayo naiona kubwa kuliko zote: huzijibu pia ndege za jirani zenye mtambo wa kuzuia migongano, hata pale ambapo rada haifiki.