Nyama ya sambusa: Ukavu na usafi ndiyo siri ya mauzo

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SAMBUSA ya nyama ni miongoni mwa vitafunwa vinavyopendwa jijini Mwanza, kuanzia migahawa ya katikati ya jiji hadi stendi ya Nyegezi, Kirumba na kwenye magati ya vivuko vya Ziwa Victoria. Hata hivyo, wengi wanaoanza biashara hiyo hutumia muda mwingi kujifunza kukunja manda na kusahau kwamba kinachomrudisha mteja kesho yake ni kile kilichomo ndani.

Nyama ikiwa na majimaji, manda hulowa na kupasuka katika karai, na mafuta huchafuka kwa chembe zinazoungua. Ikiwa haikuiva, au imekaa muda mrefu katika joto la kawaida, hasara haiishii katika mfuko wa muuzaji, bali huingia katika tumbo la mlaji.

Chimbuko lake

Sambusa ni mgeni wa siku nyingi katika Afrika Mashariki. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na likasambaa kupitia Kiarabu na lugha za Bara Hindi. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika baadaye kuhusu kitafunwa cha aina hiyo alichokikuta India, kikiwa na nyama iliyokatwakatwa na kupikwa pamoja na vitunguu, lozi na viungo.

Katika Pwani na Visiwani nyama hiyo ya kusaga huitwa kima. Mwanza, iliyounganishwa na reli kutoka Tabora mwaka 1928, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara kutoka Pwani na wenye asili ya Asia, ambao mapishi ya aina hiyo yalikuwa sehemu ya meza zao. Ng'ombe hawakuwa tatizo, kwani Usukuma ni nchi ya wafugaji.

Kuchagua nyama

Ng'ombe wa asili mwenye nundu, anayelishwa machungani, huwa na nyama ngumu isiyo na mafuta mengi. Sifa hiyo inayomkera mchoma mishikaki ni faida kwa mpishi wa sambusa, kwa kuwa mafuta mengi yakiganda hufanya nyama iwe nzito mdomoni.

Nunua steki yenye muhuri wa mkaguzi wa nyama, kisha isagwe mbele yako. Ikiwa ni ngumu, isagwe mara mbili. Nyama iliyokwisha kusagwa haionyeshi imetokana na kipande gani wala imekaa kwa muda gani. Ikiwa utaiosha, osha kipande kizima kabla ya kusaga, kwa sababu nyama iliyosagwa ikioshwa hunywa maji na kupoteza ladha.

Mahitaji

Kwa sambusa ndogo zipatazo 40, tayarisha vitu vifuatavyo:

- Nyama ya kusaga, kilo 1
- Vitunguu maji vikubwa 4, vilivyokatwa vidogo sana
- Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kijiko 1 cha chakula kwa kila kimoja
- Ndimu 1 kubwa
- Bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Pilipili mbichi 2, au kwa kadiri ya upendavyo
- Majani ya giligilani, fungu 1
- Chumvi kiasi

Namna ya kupika

Weka nyama katika sufuria pana bila mafuta wala maji. Tia chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na maji ya ndimu, kisha uchanganye vizuri kabla ya kuinjika jikoni. Moto uwe wa wastani.

Nyama itakapoanza kubadilika rangi, igonge na kuipondaponda kwa mwiko bila kuiacha, ili isigande mabonge. Baada ya dakika chache itatoa maji mengi. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuamini kwamba imeiva na kuiepua. Usifunike sufuria, endelea kukoroga hadi maji yote yakauke na nyama ianze kutoa mlio wa kukaangika. Kama imetoa mafuta mengi, yachuje.

Tia bizari, pilipili manga na pilipili mbichi, koroga kwa dakika 2 au 3, kisha epua. Nyama iliyokuwa tayari huachana punje kwa punje, na ukiinamisha sufuria hakuna maji yanayotiririka.

Itandaze katika sinia safi ili ipoe upesi. Nyama ikifungwa ikiwa ya moto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya manda, na kazi yote ya kuikausha inakuwa bure. Ikishapoa, changanya vitunguu na majani ya giligilani, kisha funga mara moja, kwa sababu chumvi huvuta maji ya vitunguu. Wanaopika nyingi kwa ajili ya kuuza ni heri wavikamue vitunguu kwanza, au wavikaange kidogo pamoja na nyama mwishoni.

Kijiko 1 cha chakula kinatosha kwa sambusa moja. Ziba ukingo kwa uji mzito wa unga wa ngano, pasibaki tundu.

Usalama wa mlaji

Wapo wanaofunga nyama mbichi kwa kutegemea kwamba itaivia katika mafuta. Hiyo ni hatari. Manda hugeuka rangi ya dhahabu kwa dakika chache tu, huku katikati pakiwa hapajaiva. Katika kipande kizima, vijidudu vingi hukaa juu na huuawa na moto upesi, lakini nyama ikisagwa vijidudu hivyo huchanganyika hadi ndani.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za chakula salama, linaelekeza kwamba chakula kama hicho kifikie joto la nyuzi 70 za Sentigredi hadi katikati. Kikishaiva, kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto kupita nyuzi 60, au kihifadhiwe katika baridi isiyozidi nyuzi 5.

Maelekezo hayo yana uzito wa pekee wakati wa mfungo wa Ramadhani, sambusa zinapokaangwa mchana zikisubiri futari. Ni bora kuzifunga mapema, kuziweka katika jokofu na kuzikaanga jioni. Umeme ukiwa wa mashaka, pika kiasi kitakachomalizika siku hiyo hiyo.

Kwa mama anayesomesha watoto kwa beseni la sambusa, nusu saa ya ziada ya kukausha na kupoza nyama ni gharama ndogo. Mteja aliyeumwa tumbo harudi, na hanyamazi.