Biolojia mbili za mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Marekani

MWANAFUNZI wa Kenya anayejiunga na chuo kikuu nchini Marekani hukumbana, katika orodha ya kozi za mwaka wa kwanza, na jambo ambalo hakulizoea nyumbani: utangulizi wa biolojia umeorodheshwa zaidi ya mara moja.

Kozi moja imeandaliwa wanafunzi wanaokusudia kuifanya biolojia kuwa somo kuu la shahada yao, pamoja na wale wanaolenga udaktari. Nyingine imeandaliwa wanafunzi wa historia, biashara, muziki au uanahabari. Majina ya kozi hizo hukaribiana mno, na aghalabu zote mbili huwa na vipindi vya maabara. Hata hivyo, ya kwanza hufungua mlango wa kozi zinazofuata, ilhali ya pili kwa kawaida hukomea hapo.

Mwanafunzi aliyejisajili katika kozi isiyomfaa huenda akalazimika kuanza upya mwaka unaofuata, na kulipa karo ya muhula ambao hakuutarajia. Kwa mzazi aliyeuza shamba ili kugharimia masomo ya ng'ambo, kosa hilo si dogo.

Chimbuko la mgawanyo

Nchini Kenya, anayejiunga na chuo kikuu huwa amekwisha kuchagua shahada yake. Anayesomea sheria huanza na sheria, na anayesomea udaktari huingia moja kwa moja katika masomo ya miaka sita. Ukiondoa kozi chache za pamoja, mwanasheria hana sababu ya kurudi maabara.

Utaratibu wa Marekani ni tofauti. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne na huhitaji takriban krediti 120. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi: kwa kawaida, saa moja ya mhadhara kila wiki katika muhula mzima huhesabiwa kuwa krediti moja. Kozi ya sayansi yenye maabara aghalabu huwa na krediti nne. Sehemu ya krediti hizo 120 hutengewa elimu ya jumla, ambayo kila mwanafunzi hupaswa kuipata bila kujali taaluma yake. Katika vyuo vingi, mwanafunzi hana lazima ya kutangaza somo lake kuu kabla ya mwisho wa mwaka wa pili.

Mfumo huo umetokana na mvutano wa muda mrefu. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kujichagulia masomo. Mnamo 1945, kamati ya chuo hicho hicho ilitoa ripoti iliyosisitiza kwamba kila msomi anahitaji msingi wa elimu ya pamoja, sayansi ikiwemo. Vyuo vingi vimejaribu kutimiza haja zote mbili, na kozi ya biolojia ya wasio wanabiolojia ni tunda la juhudi hizo.

Yaliyomo

Kozi ya wanabiolojia kwa kawaida huchukua mihula miwili. Mmoja hushughulikia kemia ya uhai, seli, usanisinuru, upumuaji wa seli na urithi wa jeni. Mwingine hushughulikia mageuko, aina za viumbe, miundo ya mimea na wanyama, pamoja na ikolojia. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, ambako mwaka wa masomo umegawanywa katika vipindi vya takriban wiki 10, maudhui hayo hufundishwa kupitia kozi tatu zinazofuatana.

Kitabu kinachotumika sana ni kile kilichoanzishwa na Neil Campbell mnamo 1987, chenye zaidi ya kurasa 1,000. Isitoshe, mwanafunzi hutarajiwa kusoma kemia sambamba na biolojia au kabla yake.

Kozi ya wasio wanabiolojia aghalabu huwa ya muhula mmoja na haihitaji kemia. Badala ya kupitia kila tawi la elimu hiyo, huchagua mada chache zinazogusa maisha: saratani, lishe, chanjo, magonjwa ya kurithi na mabadiliko ya tabianchi.

Ugonjwa wa selimundu unaweza kudhihirisha tofauti iliyopo. Mwanafunzi wa kozi ya kwanza hufuatilia jinsi badiliko la herufi moja ya DNA linavyosababisha kiungo kimoja cha protini kubadilishwa na kingine, himoglobini ikashikamana palipo na upungufu wa oksijeni, na chembe nyekundu ya damu ikapinda mfano wa mundu. Kisha hukokotoa kiwango cha jeni hiyo katika jamii nzima.

Mwanafunzi wa kozi ya pili hujifunza kwamba wazazi wawili waliobeba jeni hiyo, ingawa wao wenyewe si wagonjwa, wana uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa katika kila uzazi. Hujifunza pia kwa nini jeni hiyo imeenea katika maeneo ya malaria, kama vile magharibi mwa Kenya na Pwani: aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Uhusiano huo ulibainishwa mnamo 1954 na Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa nchini Kenya.

Maarifa yote mawili ni ya kweli. La kwanza humwandaa mtafiti, na la pili humwandaa mzazi na mpigakura.

Mageuzi ya ufundishaji

Kozi hizi zimekosolewa kwa muda mrefu kwa kumlimbikizia mwanafunzi istilahi za kukariri. Mnamo 2011, shirika la wanasayansi wa Marekani la AAAS lilichapisha ripoti iliyopendekeza ufundishaji ujengwe juu ya nguzo tano: mageuko, uhusiano wa umbo na kazi, mtiririko wa taarifa za urithi, mabadiliko ya nishati na mata, na mifumo.

Miaka mitatu baadaye, Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichanganua tafiti 225 kuhusu masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Katika madarasa ya mihadhara pekee, takriban asilimia 34 ya wanafunzi walifeli. Palipokuwa na mijadala na mazoezi darasani, kiwango hicho kilikuwa takriban asilimia 22.

Si kila chuo kinachokubali mgawanyo huu. Tangu miaka ya 1990, chuo cha MIT kimewataka wanafunzi wote wa shahada ya kwanza, wakiwemo wahandisi, kusoma utangulizi wa biolojia wa kiwango kile kile.

Mambo ya kuzingatia

Nchini Marekani, udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari hudai mwaka mzima wa biolojia yenye maabara, ya kiwango cha wanabiolojia. Anayesitasita hushauriwa kuanza na kozi hiyo, kwani kwa kawaida hukubaliwa pia kama sehemu ya elimu ya jumla, ilhali kinyume chake hakikubaliki. Aghalabu hutakiwa pia kupata angalau gredi ya C ili kuendelea.

Anayeanzia chuo cha jamii cha miaka miwili anapaswa kuthibitisha mapema iwapo krediti zake zitatambuliwa na chuo anachonuia kuhamia. Fauka ya hayo, mwenye viza ya F-1 hutakiwa kusoma angalau krediti 12 kila muhula. Akiiacha kozi katikati bila idhini ya afisa wa chuo na kushuka chini ya kiwango hicho, huhatarisha ukaazi wake.

Njia ya wanabiolojia ndiyo aliyoifuata Wangari Maathai, aliyehitimu mnamo 1964 katika chuo kidogo cha Mount St. Scholastica, Kansas, biolojia ikiwa somo lake kuu. Alipata shahada ya uzamili Pittsburgh mnamo 1966, uzamifu Nairobi mnamo 1971, na Tuzo ya Nobel ya Amani mnamo 2004.

Hata hivyo, maamuzi makubwa kuhusu viumbe hayafanywi na wanabiolojia peke yao. Marufuku ya Kenya dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa kijenetiki iliwekwa na Baraza la Mawaziri mnamo 2012, ikaondolewa na Baraza la Mawaziri mnamo 2022, kisha suala hilo likafikishwa mahakamani. Kwa waziri, wakili au hakimu aliyesomea Marekani, kozi ile ya muhula mmoja huenda ndiyo biolojia ya mwisho aliyofundishwa.